Masizi Tu

Kila jioni, mara tu Kimya alipovuka kizingiti, mkewe alimvua ovaroli kama anayemvua mtoto nguo za shule, akaitundika kwenye kamba ya uani, akapandisha mikono ya gauni lake na kuanza kuipiga makofi. Pa! Pa! Pa! Vumbi jeusi lilipanda juu likaning'inia hewani, kama kwamba limesahau kuanguka.

"Hili la kuchelewa!" alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Hili la kusahau chumvi! Na hili ni akiba, utalikosea kesho!"

"Leo amefanya nini tena, maskini ya Mungu?" Mama Pacha aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, naye mikononi ana ovaroli ya mumewe.

"Hajafanya kitu! Mume wangu, nampiga nikijisikia!"

Safu nzima ya nyumba za kiwanda ilicheka. Mwenyewe Kimya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kifua wazi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati yake yalikuwa salamu. Mkewe walimwita Kengele. Aliuza sabuni na brashi kwenye njia panda, na alipoita "Sabuniii! Brashi ya kila kaziii!" hata waliokuwa wamelala usingizi wa mchana walikumbuka kwamba wana vyombo vichafu.

Binti yao wa miaka saba alikuwa na sehemu yake ya kazi. Aliachiwa mkono mmoja wa ovaroli, akaupiga kwa viganja vyake vidogo hadi uso ukawa mweusi na meno ndiyo pekee yanayoonekana.

Usidhani ulikuwa mchezo mtupu. Maji ya safu ile yalibebwa kwa ndoo kutoka bomba moja, na ovaroli ya kiwandani ikitumbukizwa bila kupigwa ilichafua ndoo tatu kabla sabuni haijatoa povu. Kila mke wa safu ile alijua: piga kwanza, ndipo ufue. Makofi yalikuwa ni kubana maji. Mzaha uliongezwa na Kengele, wengine wakauiga, na ikawa jioni haiitwi jioni mpaka waume wamepigwa.

Kiwanda chenyewe kilichanganya plastiki nyeusi ya vipuri vya magari. Kimya alikuwa fundi wa pipa, yule anayepasua mfuko, anaumimina unga mweusi, kisha anaupiga mfuko mgongoni mpaka utoe punje ya mwisho. Unga ule ulikuwa mwepesi kuliko unyoya. Kiasi kidogo tu kikiingia, plastiki iligeuka ngumu ya kushindana na bati. Jina lake halisi lilikuwa la kigeni, limeandikwa kwenye mfuko kwa herufi ambazo hakuna aliyejisumbua nazo. Walichokitambua ni picha: kichwa na mabega ya mtu, na nyota imepasuka katikati ya kifua chake. Wakauita Chapa Nyota. Mara moja ililetwa mifuko isiyo na picha ile, na wachanganyaji wote wakanung'unika kwamba wameletewa mali feki.

Lakini ndani ya kiwanda jina la kila siku lilikuwa masizi. Msimamizi ndiye aliyelianzisha.

"Haya ni masizi tu, kama ya sufuria ya bibi yako," aliwaambia siku ya kwanza. "Bibi yako alikufa kwa masizi?"

"Alikufa kwa uzee," mmoja alijibu.

"Basi!"

Walicheka, wakazishusha barakoa zao za karatasi hadi kidevuni, kwa sababu joto la pale halikuwa la kufunikia pua. Bafu la wafanyakazi lilikuwepo pia. Lilikuwa na mlango mzuri na kufuli zuri zaidi.

Kikohozi cha Kengele kilianza kama vikohozi vyote vinavyoanza, kwa kudharauliwa. Alikinywea chai ya tangawizi. Alikilaumu kibanda cha jirani kilichochoma takataka. Kisha asubuhi moja alisimama njia panda, akavuta pumzi ili aite, na pumzi ikakatika nusu ya njia. "Sabu..." ilitoka, na iliyobaki haikutoka. Mwenye duka la jirani alidhani anatania.

"Kengele imeingia kutu?" alimtupia maneno.

Hakumjibu. Kwa mwanamke yule, kukosa jibu kulikuwa ugonjwa tosha. Alifunga mzigo wake akarudi nyumbani, akipumzika kwenye kila ngazi ya kila duka.

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari wa kifua alikuwa dada kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alisikiliza mgongo wa Kengele kwa muda mrefu, akatazama picha ya mapafu kwenye mwanga.

"Mama, unavuta sigara?"

"Mimi? Huyu akivuta nitamzika nayo."

"Unapikia nini?"

"Mkaa."

"Ndani au nje?"

"Mvua ikinyesha, ndani."

"Kuna vumbi lolote nyumbani? La kazi, la mashine, la kusaga?"

Kengele alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na alitaka kumsaidia binti wa watu.

"Hapana, daktari. Masizi tu."

Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeyasikia hayo kwa wanawake wengi. Masizi, mkaa, chumba kidogo, mvua. Kila kitu kilikaa mahali pake. Alizungumza juu ya moshi wa jikoni, juu ya madirisha, akamwandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo.

Kimya alikaa kwenye kiti cha pembeni, kofia yake magotini. Alijua mkewe anasema masizi gani. Neno lilimjia hadi kwenye meno, likasimama hapo. Akilini alimwona Ndege, mwenzake wa pipa la pili, aliyeanza kukohoa mwaka uliopita na kuuliza maswali kwa sauti. Ndege aliambiwa akapumzike. Kabla hajamaliza kutoa godoro lake, mpangaji mpya alikuwa ameshasimama mlangoni na kitanda chake, akimsubiri kwa adabu. Nyumba zile zilikuwa za kiwanda. Ukitoka kwenye pipa, unatoka na kwenye paa.

"Baba una la kuongeza?" daktari aliuliza.

"Hapana," alisema Kimya. Hilo lilikuwa neno lake la siku.

Habari hazikai kwenye safu ya nyumba. Haikupita wiki, Msimamizi mwenyewe aliwatembelea, viatu vinang'aa, nyuma yake mlinzi wa geti amebeba sanduku begani.

"Shemeji, pole sana! Nimesikia kwamba daktari amesema ni moshi wa jiko. Nikasema, haiwezekani mke wa fundi wangu bora apikie mkaa. Kiwanda ni familia."

Ndani ya sanduku kulikuwa na jiko la gesi, jipya, na mtungi wake. Kengele alishika kinywa kwa mikono miwili. Binti aliruka.

"Uwii! Baba, ona! Linawaka lenyewe!"

"Jamani, karibu ukae, shemeji," Kengele alisema huku akifuta kiti ambacho kilikuwa safi tayari. "Mungu akuzidishie. Mume wangu, huna hata asante? Huyu, shemeji, usimchukulie vibaya, maneno kwake ni kama meno, anaogopa yataisha."

Msimamizi akacheka, akamgeukia Kimya na kumwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mzito kuliko ulivyohitajika.

"Mimi ndiyo maana nampenda. Fundi asiyesema sana ni fundi wa maana. Au vipi?"

"Asante," alisema Kimya.

Alilisema akitazama viatu vile. Jioni hiyo Kengele aliwaita majirani wote waje kuona moto wa buluu, na Mama Pacha akasema kwamba naye ataanza kukohoa kesho asubuhi ili apate la kwake. Walicheka. Kengele alicheka nao hadi akalazimika kukaa chini, mkono kifuani, na kicheko chenyewe kikageuka kitu kingine.

Basi moshi ukaondoka nyumbani kwao. Ukuta uliokuwa mweusi juu ya jiko ulipakwa chokaa ukabaki mweupe. Dawa ilivutwa asubuhi na jioni. Kifua hakikusikia. Kengele aliacha kwenda njia panda. Akawa anauzia mlangoni, na wateja walilazimika kuinama kumsikia bei. Alikonda shingo. Aliyekuwa akijaza uani kwa sauti sasa alizungumza vipande vipande, kama mtu anayepanda mlima huku akisimulia.

Lakini makofi hakuyaacha. Alileta kigoda, akaiweka ovaroli mapajani, akaipiga akiwa amekaa, uso wake karibu kabisa na kitambaa.

"Niachie. Nitaipiga mwenyewe," Kimya alimwambia.

"Kwa nini?"

Kimya aliikunja ovaroli kifuani mwake.

"Kwa nini, nauliza? Sabuni siwezi tena... kuuza. Ndoo siwezi kubeba. Na hili nalo... uninyang'anye? Nibaki humu... kama mgeni?"

"Hutanyang'anywa kitu. Pumzika tu."

"Nitapumzika... nikifa. Lete."

Akampa. Mwanamume mzima, mwenye mabega ya kunyanyua mfuko kwa mkono mmoja, akampa. Wako wengi wanaume wa namna hii, na hawaitwi wabaya. Wanaitwa wapole. Wanafunga mdomo ili watoto wao walale chini ya paa, na paa lenyewe ndilo linalowadondokea.

Siku iliyofuata alirudi na kumkuta Kengele kwenye kigoda chake, midomo imepauka. Alinyoosha mkono kupokea ovaroli kama kawaida, kisha mkono ukashuka wenyewe.

"Mwanangu," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo. Leo nisaidie... kumpiga baba yako."

Binti alikuja mbio. Aliitundika ovaroli kwenye kamba kwa kuruka, akajipanga miguu kama mama yake alivyokuwa akijipanga, akapandisha mikono ya sare ya shule.

"Hili la kuchelewa!" aliimba. Pa! Wingu jeusi lilimfunika kichwa. "Hili la kusahau chumvi!" Pa! Akavuta pumzi ndefu ya kusemea la tatu, mdomo wazi.

Kimya alimnyakua mtoto kiunoni kwa mkono mmoja na ovaroli kwa mwingine. Ndoo aliyokuwa akikalia ilibingirika hadi ukutani.

"Baba! Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Nenda kaoge. Osha pua. Osha masikio."

"Una nini wewe?" Kengele aliuliza.

Aliifunga ovaroli fundo, fundo juu ya fundo, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mfuko.

"Kesho twende kwa daktari," alisema. "Na mtoto."

Daktari alizilinganisha picha mbili, ya zamani na mpya. Mpya ilikuwa na ukungu mahali ambapo ya zamani haikuwa nao.

"Sielewi," alisema waziwazi. "Mama, bado unapikia mkaa?"

"Gesi, daktari. Ya buluu."

"Kila siku?"

"Hata chai."

"Basi moshi umeondoka na ugonjwa umebaki. Kuna kitu hatujakiona."

Kengele alikuwa amefumba macho, anapumua. Mtoto alichezea mkanda wa kiatu. Kimya alisimama, ijapokuwa hakuna aliyemwambia asimame, akaishika kofia kwa mikono miwili kama mshtakiwa.

"Daktari, siku ile alisema masizi."

"Ndiyo."

"Si ya jikoni. Ni ya kwangu. Ya kiwandani. Sisi tunayaita masizi, lakini ni unga, unakuja kwenye mifuko. Ananipigia ovaroli kila siku. Amenipigia miaka minne. Na huyu mtoto anasaidia."

Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho mbele ya mtu aliyesoma, na alipoanza hakujua pa kusimama. "Ni mali nzuri, daktari, si feki. Ni Chapa Nyota."

"Nyota gani?"

"Ile ya mtu. Mtu, halafu nyota hapa." Akajigusa kifuani. "Imepasuka hivi."

Daktari akaweka kalamu mezani taratibu.

"Baba, hiyo si chapa," alisema. "Hiyo ni alama ya hatari. Inawekwa kwenye vitu vinavyoharibu mwili kwa ndani. Ile si nyota. Ni kifua kinachopasuka."

Kimya alikaa. Nusura akikose kiti, akajirekebisha.

Daktari hakuwa mtu wa kupaka sukari. Aliuliza unga ulikuwaje, unatumika wapi, kisha akaeleza polepole ili Kengele naye asikie. Masizi ya jikoni ni vipunje, alisema, nayo yana ubaya wake. Lakini unga wa kuimarisha plastiki namna ile mara nyingi ni mirija ya kaboni, myembamba kiasi kwamba ukiipanga elfu moja ubavu kwa ubavu bado haifikii unene wa unywele. Myembamba, lakini mingine ni mirefu na migumu. Sindano. Ndani ya mapafu kuna seli za ulinzi, na kazi yao ni kumeza uchafu unaoingia. Zikikuta kipunje, zinakimeza. Zikikuta sindano ndefu kuliko zenyewe, zinaanza kumeza na kukwama katikati, mdomo wazi, haziwezi kumeza wala kutema. Zinamwaga sumu zao palepale, zinaunguza nyama iliyo jirani. Nyingine zinakuja kusaidia, nazo zinakwama. Jeraha linakuwa kovu. Na kovu halipitishi hewa.

"Yanatoka?" Kengele aliuliza.

"Mengine hutoka. Mengine hukaa."

"Na kovu?"

Daktari alimtazama. "Kovu ni kovu, mama. Tutajaribu lisiongezeke."

"Umewaona wengi... kama mimi?"

"Sitakudanganya. Kwa panya wa maabara imeonekana wazi. Kwa watu, bado tunatazama. Hata wewe siwezi kuapa kwamba ni hayo na si kitu kingine, mpaka tuchunguze zaidi."

"Kwa hiyo," alisema Kimya, "sisi ndio tunaotazamwa."

Daktari alimvuta mtoto karibu, akaweka chombo chake mgongoni mwake, akasikiliza. Wazazi wote wawili waliacha kupumua.

"Kwa leo ni safi," alisema. "Kwa leo. Asiiguse nguo ile tena. Wala mtu yeyote. Nami nina kosa langu. Niliambiwa masizi, nikaona sufuria."

Nje, Kengele aliomba wakae kwenye ukuta mfupi karibu na geti. Alimtuma mtoto akahesabu magari mekundu barabarani. Kisha akasema bila kumtazama mumewe:

"Siku ile ya kwanza. Niliposema masizi tu. Ulijua... nasema yapi?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa nyumba."

Kimya alingoja amtukane. Zamani angemtukana, na wapita njia wangesimama wasikilize kwa raha. Sasa alikuwa anapima pumzi kama mtu anayepima mafuta ya mwisho kwenye chupa, na kila neno lilikuwa na bei yake.

"Nilikuwa nakupiga kwa mapenzi," alisema. "Kumbe masizi ndiyo... niliyokuwa nikiyameza."

Kimya aliinama akalia, kofia usoni. Kengele hakumzuia, wala hakumbembeleza. Baada ya muda alimwekea kiganja mgongoni, akakiacha hapo.

Daktari alipiga simu kiwandani siku hiyohiyo kuuliza juu ya unga ule, na asubuhi yake Kimya aliitwa ofisini. Msimamizi hakupaza sauti.

"Fundi, nilikuwa nakuamini. Nenda kapumzike."

"Bafu lifunguliwe," alisema Kimya. "Na nguo zifuliwe huku huku."

"Nimesema kapumzike."

Mchana alikuja mlinzi wa geti, kofia mkononi, macho chini.

"Shemeji, nisamehe. Nimetumwa jiko."

"Chukua," Kengele alisema. "Lakini sufuria iliyo juu... ni yangu."

Mlinzi aliishusha sufuria ya moto kwa ncha za vidole, akaliweka jiko begani, akaondoka nalo mbele ya safu nzima. Watu walichungulia kwa pembe za mapazia. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alikumbuka godoro la Ndege.

Jioni ilifika. Waume walirudi weusi. Kimya alikuwa amepanga vyombo kwenye maboksi. Walipewa hadi mwisho wa mwezi. Kengele alikaa kwenye kigoda chake uani, mikono tupu mapajani, asijue pa kuiweka. Ndipo ikaanza upande wa pili wa ukuta. Pa! Pa!

"Hili la kunikoromea jana!" Mama Pacha alisema, na pacha wake wawili wakashangilia. Mlango wa tatu ukaitikia. Pa! Kisha wa tano. Safu nzima ikawa inapiga, na juu ya kuta vumbi jeusi likapanda jepesi na zuri, mwanga wa jua la mwisho ukipita ndani yake.

Kengele aliinuka. Aliushika ukuta, akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, akafungua mdomo ule uliokuwa ukiamsha watu usingizini.

"Mama Pa..."

Ilikatika. Alijaribu tena, ikatoka hewa tupu na kikohozi. Alimgeukia mumewe, machozi ya hasira machoni, akampiga kofi begani, kofi la kweli.

"Wewe," alisema. "Wewe... ita."

Kimya alitazama mlango. Akatoka hadi katikati ya njia ya safu, mikono imening'inia, mtu asiyejua sauti huanzia wapi.

"Akina mama," alisema. Hakuna aliyesikia. "Akina mama! Msipige! Acheni! Si masizi!"

"Nani huyo?" mtu aliuliza.

"Kimya!"

"Kimya anapiga kelele? Dunia imekwisha!"

Walicheka. Alipiga kelele juu ya kicheko chao, sauti mbovu, inapasuka, inapanda na kuanguka kama ya mvulana anayebalehe. Alisema juu ya nyota. Alisema juu ya kifua cha mkewe. Alisema kwamba alijua na alinyamaza, akalisema hilo mara mbili. Vichwa vilitokeza milangoni. Mama Pacha alitoka na ovaroli mikononi, kicheko bado kimebaki usoni mwake bila kazi, akawatazama pacha wake waliosimama weusi ubavuni, kisha polepole akaiweka nguo chini kama mtu anayeweka chini kitu kilicholala. Mlango wa tatu ulinyamaza. Na wa tano.

Kimya alisimama anahema. Nyuma yake Kengele alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza. Huko mwisho kabisa wa safu, ambako sauti ya mumewe haikufika na ambako ya kwake zamani ingefika, ilisikika bado, ndogo na ya furaha. Pa. Pa. Pa.

"Bado mmoja," alisema.

Kimya akaanza kukimbia.